Je, Wajua? Nani Anafika Chuoni, Nani Anabaki Njiani

Je, wajua kwamba Kisesa inafahamika sana kwa watafiti wa afya duniani? Tangu mwaka 1994, kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kimekuwa kikipita nyumba kwa nyumba katika kata hii ya Wilaya ya Magu, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Wanaandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kaolewa. Wakazi zaidi ya 30,000 wamo katika daftari hilo. Makala zilizotokana na majibu ya akina mama na akina baba wa Kisesa zimesomwa vyuoni London na Marekani, na wapo waliopata shahada ya uzamivu kwazo. Ni mchango mkubwa na wenyeji wana haki ya kujivunia. Lakini mtoto aliyeandikwa mwaka ule akiwa mgongoni kwa mama yake, ana njia gani ya kuja kuwa yeye mwenye kushika kalamu, kuuliza maswali na kuchambua majibu? Safu ya leo inamfuata mtoto huyo, hatua kwa hatua.

Je, wajua kwamba watafiti walishapima namna watoto wa Kisesa wanavyotumia siku yao? Waliangalia kazi, shule na mapumziko, mjini Kisesa na katika kijiji cha jirani. Kwa wavulana, kazi iliyogongana na shule kuliko nyingine ni kuchunga ng'ombe. Ukishatoka na kundi asubuhi huwezi kurudi saa nne kuwahi kipindi cha Hisabati. Wasichana walibeba zaidi kazi za nyumbani, na kazi hizo unaweza kuzifanya kabla na baada ya shule, hivyo jina lao hubaki kwenye mahudhurio. Kinacholiwa ni muda wao wa kupumzika. Na mtoto asiye na muda jioni, huzikokotoa saa ngapi zile hesabu za nyumbani? Daftari la mahudhurio halionyeshi tofauti hiyo. Mtihani unaionyesha.

Je, wajua kwamba upande wa ziwani dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, kwa taa zinazowavuta juu ya maji? Kwa hiyo kalenda ya kazi ufukweni inafuata mwezi, si muhula. Mwalimu wa shule iliyo karibu na mwalo anajua bila kuambiwa ni wiki gani wavulana watasinzia darasani, na ni asubuhi zipi wasichana watachelewa kwa sababu dagaa wanapaswa kuanikwa jua lingali linapanda.

Je, wajua kwamba ndoa za mapema Kisesa si mara zote zinaanza na baba mkali anayetaka ng'ombe wa mahari? Tafiti zilizofanywa hapa zinaonyesha kwamba wasichana wengi walioolewa kabla ya miaka 18 walishiriki wenyewe kumchagua mwenzi. Wengi walikuwa tayari wako nje ya shule. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Msichana akimaliza darasa la saba au kidato cha nne bila nafasi ya kuendelea, bila ada ya chuo cha ufundi, bila kazi, kuolewa ndiyo njia iliyobaki ya kuhesabiwa mtu mzima. Anayetaka kuzuia ndoa ile aanze miaka miwili kabla yake, kwenye shule, mabweni na nafasi.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama? Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi akawa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Utaona jambo la ajabu hapa: msichana aliyeandikishwa shule alilindwa kwa nguvu zote za sheria, na mwenzake wa rika moja aliyekwisha kuacha shule hakulindwa hivyo. Kuwa na sare ya shule kulibadilisha umri wake mbele ya sheria.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, na hakuwa na njia ya kurudi katika shule ya Serikali? Juni 2017 Rais John Magufuli alilisisitiza katazo hilo hadharani akiwa Chalinze. Novemba 2021, katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi, na waraka ukatolewa. Tuseme wazi: kila mwaka wa katazo lile uliondoa kwenye orodha ya wauguzi, walimu wa Fizikia na wahandisi majina ambayo hatutayajua kamwe. Kurudi kwa msichana mmoja Kisesa kunahitaji pia bibi atakayekubali kubaki na mtoto, na mkuu wa shule atakayempokea bila kumsimanga mbele ya mstari wa asubuhi. Waraka unaweza kumwagiza mkuu wa shule. Bibi anahitaji msaada wa aina nyingine.

Je, wajua kwamba Julai 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na Julai 2019 ikairudisha? Mwaka mmoja tu. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei madukani haikushuka. Waliokuwa wakifuatilia jambo hili waliomba wafanyabiashara wabanwe. Kilichorudi ni kodi.

Sasa tuifuate barabara ya Musoma, kwa sababu huko uliwahi kufanyika uamuzi ambao kila anayezungumzia usawa wa elimu ya juu anapaswa kuujua.

Je, wajua kuhusu Azimio la Musoma la Novemba 1974? Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini humo na kuamua mambo mawili makubwa ya elimu. La kwanza, kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Hilo lilifungua shule hadi vijijini. La pili, kijana asitoke kidato cha sita kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Amalize jeshi la kujenga taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, apate na pendekezo la mwajiri na la chama, ndipo aombe. Nia ilikuwa njema. Taifa lilitaka wasomi wanaolijua jembe na karakana, wasiojiona wako juu ya wakulima waliowasomesha.

Sharti lilikuwa moja kwa wote, mwanamume na mwanamke sawasawa. Na papo hapo idadi ya wanawake waliojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikaporomoka. Sababu hazikuandikwa kwenye azimio, ila kila familia ilizijua. Katika miaka ile miwili au mitatu ya kusubiri, binti aliolewa, akapata mtoto, mume akahamishwa kikazi, mwajiri akaona hakuna haja ya kumwachia. Kijana wa kiume alioa pia, akapata mtoto pia, akaaga nyumbani akaenda kusoma. Mwaka 1976 viongozi wakakubali walichokiona, wakawaruhusu wanawake kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Ilichukua miaka miwili tu kugundua na kurekebisha. Nalitaja jambo hili kila ninapomsikia mtu akisema kwamba kanuni ikiwa moja kwa wote basi haki imetendeka. Musoma, mbele kidogo ya Magu na Bunda kwa barabara hiyohiyo, palitufundisha vingine, na waliotufundisha ni viongozi wetu wenyewe waliokuwa na ujasiri wa kubadili walichoamua.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, aliandika insha kuhusu hali ya wanawake akiwa bado mwanafunzi wa Makerere? Alichukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill akazipima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki, kabila lake mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, katika chuo kisichokuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kike wakati anaingia.

Je, wajua kwamba kaulimbiu ya Makerere wakati huo ilikuwa na maana ya "Na tuwe wanaume"? Chuo kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi ya wavulana. Mwaka 1945 wakaingia wanawake sita, na kaulimbiu ikabadilishwa, ikawa "Tunajenga kwa ajili ya kesho". Sita tu walitosha kubadili maneno yaliyoandikwa kwenye nembo. Kubadili madarasa ya sayansi kumechukua muda mrefu zaidi.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 1990 Makerere imekuwa ikimwongezea kila mwombaji wa kike alama 1.5 katika kuchagua wanafunzi? Miaka ilivyokwenda, wanawake wakakaribia nusu ya wanafunzi wa chuo. Lakini wachunguzi wa Uganda wenyewe walionyesha kasoro mbili, na nazichukulia kwa uzito. Kwanza, alama hizo ziliwafaa zaidi mabinti wa shule bora za Kampala na jirani zake, ambao wazazi wao walikuwa na uwezo tayari; binti wa kijiji cha mbali hakuwa hata na alama za msingi za kuongezewa. Pili, uhandisi na sayansi za msingi zilibaki na wanaume wengi. Alama ya nyongeza humfikia aliyekwisha kukaribia mlango. Aliye mbali zaidi anataka kitu kingine.

Je, wajua Dar es Salaam walijaribu nini? Katikati ya miaka ya 1990, Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kozi ya maandalizi kwa wasichana waliofaulu kidato cha sita katika sayansi lakini wakakosa alama za ushindani. Waliitwa chuoni kabla ya mwaka wa masomo, wakafundishwa kwa wiki kadhaa, wakapewa mtihani. Aliyefaulu aliingia. Uhandisi nao ukafuata miaka ya 2000. Msichana aliyesoma katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia alipata, pengine kwa mara ya kwanza, kufundishwa Fizikia na mtu anayeijua, kisha akapimwa. Baada ya hapo hakuna aliyempunguzia kitu: mhadhara ni uleule, maabara ni ileile, mtihani ni uleule na wa wenzake wa kiume. Kati ya mipango yote ninayoifahamu, huu ndio ninaoupenda kuliko mingine, kwa sababu unampa mtu kile alichonyimwa, badala ya kumsamehe kwa kutokuwa nacho.

Je, wajua Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu ya Hisabati? Ni Profesa Verdiana Masanja. Alizaliwa Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, mwaka 1954. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Ujerumani, na mwaka 1986 akatunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kwa kazi iliyohusu mwendo wa vimiminika. Alirudi akafundisha Dar es Salaam, baadaye Rwanda. Angeweza kuishia kwenye milinganyo yake. Badala yake, miaka ya 1990 aliongoza hapa nchini mradi wa FEMSA, uliochunguza kwa nini wasichana wa Afrika wanaikimbia Hisabati na sayansi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za mwanzo, pamoja na Uganda, Ghana na Kameruni.

Je, wajua kwamba daktari wa kwanza mwanamke Mtanzania, Profesa Esther Mwaikambo, alisomea udaktari Moscow? Mwaka 1987 alishiriki kuanzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake. Baadaye alikuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki.

Je, wajua kwamba Wangari Maathai, kabla dunia haijamjua kwa miti, alikuwa mwanasayansi wa anatomia ya wanyama? Mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata uzamivu, katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Je, wajua kwamba jukwaa la maigizo limewahi kutumika kuwafungua midomo wasichana wa sekondari? Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele, walianzisha mpango wa TUSEME. Wasichana walitaja wenyewe yanayowakwamisha: mwalimu anayewasumbua, umbali wa shule, dharau darasani. Kisha wakayatungia mchezo na kuuigiza mbele ya walimu na wazazi haohao. Mpango ulianza na shule chache nchini, ukachukuliwa na FAWE, jukwaa la Waafrika wanaotetea elimu ya wanawake, na jina hilo la Kiswahili likafika katika nchi ambazo hazizungumzi Kiswahili kabisa. Binti aliyewahi kusimama mbele ya mkuu wa shule akasema linalomuuma hatashindwa kunyoosha mkono katika kipindi cha Kemia.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania aliweza kufaulu mtihani wa Kemia wa kidato cha nne bila kuwahi kushika bureti? Kulikuwa na mtihani mbadala wa vitendo kwa shule zisizo na maabara: unaelezewa jaribio kwenye karatasi, unajibu kwenye karatasi. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, nyingi zilizaliwa bila maabara. Baadaye Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Biolojia. Wananchi walichangishwa, mikoa ikashindana, majengo yakasimama. Jengo lilikuwa kazi rahisi kuliko zote. Fundi wa maabara, kemikali, maji ya bomba na umeme ndivyo vinavyoligeuza kuwa maabara, na hapo ndipo shule ya mjini na ya kijijini zinapoachana tena.

Je, wajua kwamba mwaka 2022 ni kama mtahiniwa mmoja tu kati ya watano aliyefaulu Hisabati kidato cha nne, na mwaka 2023 robo yao? Tafadhali usiupite mstari huu haraka. Katika darasa la wanafunzi 40, vijana 30 wanatoka na mlango wa uhandisi, udaktari wa aina nyingi, takwimu na kompyuta ukiwa umefungwa, wakiwa na miaka 17 au 18. Hakuna alama za nyongeza za chuo kikuu zinazoweza kurudisha hilo. Na miaka ya karibuni wasichana wanaofanya mtihani huo nchini wamekuwa wengi kuliko wavulana. Kwa hiyo kuingia sekondari si tena tatizo kubwa la wasichana. Tatizo ni somo hili.

Je, wajua ni lugha ngapi zinasimama kati ya mtoto wa Kisesa na kanuni ya Newton? Nyumbani Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote Tanzania. Shule ya msingi Kiswahili. Januari ya kidato cha kwanza, Kiingereza, katika masomo karibu yote. Tangu mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kwa hiyo istilahi zipo. Profesa Martha Qorro na wenzake wa Dar es Salaam wamelieleza kwa miaka mingi: mwanafunzi asiyeielewa lugha ya mwalimu hukariri, na anayekariri hasomi sayansi. Mtoto wa mjini aliyelipiwa shule ya mchepuo wa Kiingereza anaianza Fizikia akiwa anafuata mwalimu. Mwenzake wa shule ya kata anaanza kwa kunakili ubao. Kisha wote wawili wanapewa karatasi moja ya mtihani.

Je, wajua kwamba huko Misungwi, mkoani hapa Mwanza, Shule ya Msingi Mitindo imekuwa makazi na darasa la watoto wenye ualbino na wasioona? Wengi wa wenye ualbino waliletwa miaka ya mauaji, hasa kuanzia 2007, Kanda ya Ziwa ilipogeuka mahali pa hofu kwao. Walipelekwa kwa ajili ya usalama. Elimu ikafuata. Na hapa kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi: mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu kwa sababu ya namna jicho lake lilivyojengeka, na miwani haiwezi kulimaliza lote. Lakini uoni hafifu si upofu. Katika nchi kadhaa za Afrika watoto hawa wamefundishwa nukta nundu wakati wangeweza kusoma maandishi makubwa. Wanachohitaji ni kukaa mbele karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha, kitabu cha herufi kubwa, na kofia pana wakati wa paredi. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wa uoni hafifu. Mwalimu mkuu ndiye anayepaswa kuwasilisha hitaji hilo mapema. Asipowasilisha, mtoto anakaa mbele ya karatasi ambayo haoni maandishi yake, na matokeo yake yatasema hana akili.

Je, wajua kwamba mafuta ya kuwakinga na jua yanatengenezwa hapahapa nchini? Yanaitwa Kilisun, na hutengenezwa Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC. Ni Kemia inayomwezesha mtoto kukaa darasani hadi awe na umri wa kusoma Kemia.

Je, wajua kwamba Salum Khalfan Barwany alikuwa Mtanzania wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge, Lindi Mjini, mwaka 2010? Na kwamba Dkt. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye balozi Ujerumani?

Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilifunguliwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Ya kwanza ya viziwi ilikuwa Tabora, mwaka 1963. Zote mbili zilianzishwa na makanisa.

Je, wajua kwamba kila mwaka Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoita, na kwamba Kanda ya Ziwa ni mojawapo ya sehemu zenye wagonjwa wengi? Mtoto huyu hukosa shule kwa maumivu, hulazwa, hurudi, hukuta wenzake wamefika mada nyingine. Hakuna anayemweka kwenye orodha ya makundi yaliyoachwa nyuma, na naona anastahili kuwemo. Profesa Julie Makani wa Muhimbili, aliyejenga utafiti wa selimundu nchini, alipewa tuzo na Royal Society ya Uingereza mwaka 2011.

Je, wajua kwamba mikoa nayo iliwahi kuwekewa mgawo? Wakati wa uhuru, sehemu zilizokuwa na misheni nyingi na kahawa, kama Kilimanjaro na Bukoba, zilikuwa mbali mbele kielimu. Miaka ya 1970 Serikali ikaanza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, ili mtoto wa Usukumani au wa kusini asishindane moja kwa moja na wa Machame. Walioona wamebanwa walijenga shule zao binafsi, na Kilimanjaro ikajaa sekondari za wazazi na za makanisa. Mgawo ulimsaidia aliyekuwa nyuma, na ukamsukuma aliyekuwa mbele atafute njia yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020, Tanzania imekuwa ikijenga sekondari za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Bara, jumla 26? Shule hizi ni za bweni, na bweni ndilo lenye thamani kwangu kuliko yote. Linaondoa kwa pamoja kilomita za kutembea, lifti ya bodaboda yenye masharti, na ndoo ya maji ya jioni. Ila ni shule moja kwa mkoa mzima. Mkoa wa Mwanza, kwa sensa ya 2022, una watu karibu milioni 3.7.

Je, wajua kwamba Bujora, hapo jirani na Kisesa, ina Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre Mkanada, David Clement? Wanaokuja kwenye tamasha la Bulabo mwezi Juni huwaona Bayeye, wacheza na nyoka, wakiwa na chatu mabegani. Watalii hupiga picha. Kundi hili limehifadhi kwa vizazi ujuzi wa tabia za nyoka na dawa za sumu yao. Kijana wa Kiyeye akikaa katika darasa la Biolojia, anaijua mada ya reptilia kwa mikono kuliko kitabu kinavyoieleza. Sijui kwa nini tunamtaka auache ujuzi huo getini.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Mwanza? Kinampokea mama wa miaka 40 aliye na duka na watoto, na kina kozi ya msingi kwa asiye na sifa za kuingia moja kwa moja.

Je, wajua kwamba ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022? Na kwamba mwaka huo wa 2022 ulianzishwa ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sana katika sayansi kidato cha sita, ukianza na shilingi bilioni 3? Kwa wengine wote upo mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanza kazi mwaka 2005. Wanaopewa kipaumbele ni pamoja na yatima, wenye ulemavu na waliotoka kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF. Kwa kijana wa kijijini, bila mkopo na bila lile bumu la chakula na malazi, barua ya kuchaguliwa chuo ni karatasi tu.

Lakini bodi inataka ushahidi. Cheti cha kuzaliwa, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi, vyote vimethibitishwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Hapa wanakwama wengi ambao ndio hasa walengwa. Baba alifariki kijijini, akazikwa, hakuna aliyefikiria cheti. Miaka kumi na tano baadaye binti yake amefaulu PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na wiki za kuomba mkopo zinakatika huku akienda na kurudi Magu kutafuta karatasi ya msiba wa zamani. Ukiwa na yatima wa kidato cha tatu nyumbani mwako, anza kuzitafuta sasa, maana kidato cha sita kikifika utakuwa umechelewa.

Na je, wajua kwamba Mwanza ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo katika mpango wa RITA wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano kwa simu ya mkononi, bila malipo, zahanati na ofisi za kata zikitoa cheti papo hapo? Ulifika mkoani hapa katikati ya muongo uliopita. Mtoto aliyezaliwa Kisesa mwaka 2013 na kuandikishwa wakati ule, akisoma bila kukatiza, atafika kidato cha sita mwanzoni mwa miaka ya 2030. Cheti chake cha kuzaliwa anacho tayari. Kilichobaki ni mwalimu wa Hisabati.